Mkono wa Nanzala

Saa mbili asubuhi Nanzala alipiga deki chumba cha kupimia, akajaza jagi maji na kupanga vichupa vya vyakula mezani: mayai, maziwa, maharagwe, mahindi. Kliniki ilikuwa juu ya duka la dawa za mifugo, mtaa wa Pioneer. Mwenye kliniki, Mwihaki, wateja walimwita daktari. Hakuwaambia wamwite hivyo, wala hakuwakataza.

Kupima ni rahisi. Mgonjwa hushika kichupa kifuani, hunyoosha mkono wa pili, na Mwihaki huukandamiza kwa vidole viwili. Ukisimama imara, mwili umekikubali chakula. Ukishuka, umekikataa, na Mwihaki husawazisha nguvu kwa kumgongagonga mgonjwa mgongoni. Watoto wadogo hawawezi kutulia hivyo, kwa hiyo Nanzala hutoa mkono wake: kwa wa kushoto humgusa mtoto, wa kulia hukandamizwa.

Watoto walipona kweli. Kilichowatoka kilimwingia Nanzala, maana usawa nao lazima utoke mahali. Mtoto wa Februari alianza kula mayai, na yai likaanza kumvimbisha Nanzala midomo. Machi yakaenda maziwa, Aprili maharagwe. Kuku alikwenda Alhamisi moja ya Mei, na hiyo ilimliza. Wabuge, mumewe, alimtania kwamba ameoa mtu wa kufunga. Kufikia Juni kilichobaki ni ugali na viazi vitamu.

Ndipo Waiyego alipomleta binti yake kutoka Cheptiret. Kabura alikuwa na miaka miwili na mwili wake ulikataa mahindi. Nanzala alimwomba Mwihaki amruke huyo mmoja. Bila ugali, alisema, hatajiona kama amekula. Mwihaki hakukasirika. Alijibu kwamba mambo ya mwili hayakisiwi, hupimwa. Lakini mkono wa Nanzala ulishazoea kujibia wengine. Alipojipima mwenyewe kwa kichupa cha mayai ulisimama tu, kana kwamba hana tatizo.

"Basi tutumie wako, daktari," Nanzala alisema. "Wewe unishike, mimi nifinye."

Mwihaki alimshika bega, akanyoosha mkono. Ulianguka kabla haujaguswa, ukagonga meza, na midomo ya Mwihaki ikaanza kuvimba. Aliliachia bega. Midomo ikanywea.

"Sijanywa maji leo," alisema. "Mtu akiwa na kiu hapimiki. Hiyo hatuhesabu."

Alimimina glasi, akainywa yote. Nanzala alingoja warudie. Mwihaki alifungua mlango akamwita Waiyego.

Kabura alikuwa na vipele nyuma ya magoti na alijikuna bila kulia, kama mtu aliyekata tamaa mapema. Nanzala angeweza kuurudisha mkono wake. Alimwonea huruma mtoto, akamgusa. Vipele vilififia mama mtu akiwa bado anamfunga kamba za viatu.

Jumamosi Waiyego alirudi na zawadi ya Nanzala, mfuko wa unga wa mahindi ya shamba lake. Kabura sasa anakula ugali mara mbili kwa siku, alisema. Mwihaki alisema kazi ya mikono hulipa. Nanzala alishukuru, akabeba unga nyumbani, akapika akiwa amegeuza uso mvuke usimpate. Wabuge alikula, akasema unga wa Cheptiret ni mtamu. Nanzala alijua ni kweli, na ilimuuma. Jumatatu alirudi kazini, kwa kuwa watoto watatu walikuwa wakimngoja na mkono wake haukuwa na kasoro yoyote.