Amina ya Fundi Andongwisye

Andongwisye hakuwa fundi mzembe, ndiyo maana alijichukia. Landrova ya mama Ferista, kongwe kumzidi fundi mwenyewe, ilikuwa na masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, ya zamani yenye chemba moja. Paipu moja ikipasuka, breki zote kwaheri. Mama huyo mjane, aliyeachiwa gari na shamba la kahawa na marehemu mumewe, akakubali ifungwe mpya ya chemba mbili kutoka Tunduma. Kwaya ya kanisa ilikuwa ishuke nayo Ileje, kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huiendea kwa adabu.

Wakati wa kufunga, mipira ya ndani iligoma kuingia. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo hupakwa mipira hiyo, yalibaki ya kujazia tu, dukani ni mbali, naye alikuwa amechoka. Akaipaka oili ya injini, ikateleza. Fundi gani wa Vwawa asiyejua kwamba oili huvimbisha mipira hiyo? Na ikishavimba, breki hukataa, tena si hapo gereji, ni huko mlimani. Alijidanganya kwamba kidogo hakidhuru. Alipokanyaga pedali ikawa ngumu safi, akanawa mikono.

Sasa gari liko mbele ya kanisa, linaombewa kama yanavyoombewa magari yote ya washarika kabla ya safari. Mchungaji ameweka mkono juu ya boneti, wanakwaya wamefumba macho.

"Tunakushukuru, Baba, kwa mikono ya kijana wetu Andongwisye."

Fundi aliitazama mikono hiyo, akaisukumiza mifukoni. Roho ilimsuta. Watu walipoitikia amina, naye aliitikia, tena kwa sauti kuliko wote.

"Panda mbele na mimi, mwanangu," mama Ferista alimwambia. "Leo wewe ndiye mgeni rasmi."

Nyuma wanakwaya walishapanda na kuanzisha wimbo. Andongwisye aliinua mguu, ukamshinda. Akazunguka, akafungua boneti, akalegeza paipu kwa spana. Mafuta ya breki yakachuruzika chini mbele ya macho ya wote, na wimbo ukakatika.

"Haliendi, mama," alisema. "Mipira niliipaka oili. Nilijua tangu nafunga."

Alisubiri matusi, na aliyataka. Mama Ferista aliyatazama mafuta yakinywewa na vumbi, kisha akamsogelea.

"Na ile amina, mwanangu," aliuliza taratibu, "ulikuwa unaitikia nini?"