Nusu Tofali

Mwalimu wetu wa uashi tulimwita Timazi, kwa sababu alikuwa amenyooka kama kamba yenyewe ya kupimia ukuta, na akikupima yeye lazima uonekane umepinda. Chuo kilipoamua masomo yaingie kwenye simu, mkuu wa idara, mama mmoja fundi wa umeme, alimleta mpiga picha karakana. Timazi alimtazama kama mtu aliyekanyaga saruji mbichi.

"Mkishanirekodi, mimi mtanipeleka wapi?"

"Hakuna anayekufukuza, mwalimu."

"Sijauliza hilo."

Hata hivyo akakubali, akarekodiwa masomo sita.

Mimi nilikuwa mfanya usafi hospitalini, darasani nilifika siku mbili tu kwa wiki. Simu ndiyo iliyokuwa shule yangu. Somo la kujenga kona nililirudia mpaka mume wangu akauliza kama huyo mzee ni mume mwenzake.

Mtihani wa vitendo tulijenga Jumatatu, watu kumi na mmoja. Alhamisi akaja msahihishaji kutoka nje. Aliinama kwenye kona yangu, akapitisha kidole kwenye kiungo, pale tofali linapokutana na jirani yake. Kidole kikateremka kutoka juu hadi chini bila kukutana na tofali hata moja. Viungo vyangu vyote vilikaa juu ya vingine badala ya kupishana. Akasukuma kwa kiganja, na ukuta ukafunguka kama mlango.

"Nani amekufundisha hivi?"

Tulianguka tisa, wote wa simu. Wawili waliohudhuria kila siku wakafaulu.

Nilimkuta Timazi stoo, anaosha mwiko.

"Mwalimu, kwenye simu hukuweka nusu tofali mwanzo wa mstari wa pili, lile la kupishanisha viungo."

"Umefundishwa na simu. Kaidai simu."

"Mkono ni wako. Sauti ni yako."

Akaendelea kuosha mwiko uliokwisha kutakata. "Nilitaka wajue mtu hajifunzi uashi kitandani."

"Wajue akina nani? Mkuu yuko ofisini anakunywa chai. Walioanguka ni sisi."

"Dada, wewe hujui walivyo..."

"Usiniite dada."

Nilitoka hapo moja kwa moja hadi kwa mkuu, nikamfungulia lile somo, nikamwonyesha kwa kidole. Hakujua matofali, lakini alijua uongo. Timazi akapewa barua mbili: moja ya onyo, nyingine ya kutufundisha upya mwezi mzima na kurekodi somo lile tena.

Siku ya kurekodi nilisimama nyuma ya mpiga picha, mikono kifuani. Timazi alipofika mstari wa pili alinyanyua nusu tofali, akalishika juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akanikazia macho, kisha akalilaza.

Mwezi ule alinifundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumpata, na hakunisemesha neno lisilohusu kazi. Nikafaulu. Siku hizi najenga. Tukikutana naye dukani kununua saruji, kila mmoja anamsalimia muuzaji tu.