Volti Kumi na Mbili za Mama Kahindo

Prodige, fundi wa redio, alikuwa amechuchumaa sakafuni kwa mama Kahindo, kule mtaani Ndosho, akijaribu kuiwasha amplifaya ya gari ndani ya nyumba. Alikuwa amekuja na kisanduku cha umeme kilichong'olewa kwenye kompyuta mbovu. Akasokota waya wa kijani na mweusi ili kikubali kuwaka, akatafuta volti kumi na mbili kwenye waya za njano. Alikuwa karibu kumaliza, umeme wa mtaa ulipokatika, kama kawaida yake.

"Tungoje kidogo, mama," alisema. "Shika waya hizi mbili za amplifaya, zisigusane."

Kahindo akazishika, mwekundu kulia, mweusi kushoto. Amplifaya ilikuwa ya mumewe, Kataliko, dereva wa barabara ya Rutshuru. Wakati wa vita yeye na Kahindo walisimamishwa na wenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani huko Kalengera. Kataliko akateremshwa, akapelekwa nyuma ya migomba, na gari likafunguliwa vipande mkewe akitazama. Kahindo aliokota amplifaya, akaifunga mgongoni kwa kitenge, akatembea na wakimbizi wenzake hadi kambi ya Kanyaruchinya. Mwili haukuonekana. Wazee wa ukoo walisema kilio hakiwezi kuanza kabla kaburi halijajulikana, kwa hiyo mpaka leo Kataliko hajaliliwa.

Redio ya jirani, ya betri, ilikuwa inasoma habari. Mkuu mpya wa usalama wa mtaa alikuwa ametajwa: Komanda Émile. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa kile kizuizi. Sare alibadilisha, jina hakuona haja.

Umeme haukuwa umerudi, lakini taa ya amplifaya ikawaka, waya zikiwa mikononi mwa Kahindo.

Prodige aliweka kipimo chake kwenye waya. "Kumi na mbili na nusu," alisema. "Hata batri ya motokari haitoi muzuri hivi." Akakirudisha kisanduku cha kompyuta mkobani, maana kilikuwa hakina kazi tena.

Tangu hapo mtaa haukukodi jenereta. Arusi, kwaya ya parokia, mazishi ya wengine, kote Kahindo aliketishwa nyuma ya spika akiwa na waya zake. Siku moja wifi yake, Kahambu, alimshika bega wakati wa misa, akamwambia neno la kumtuliza, na sauti ikakatika katikati ya wimbo. Kiongozi wa kwaya alimwomba Kahambu, kwa heshima, awe anakaa mbali. Watu wakazoea. Mtoto akitaka kumkumbatia Kahindo, mamake alimvuta asije akazima vyombo vya sauti: "Acha, utazima sono." Walikuwa watu wema, na bado walifanya hivyo.

Komanda Émile alipotaka kuhutubia mkutano wa amani, alikuja mwenyewe.

"Mama Kahindo, tunakuomba sono."

"Bwana yangu alizikwa wapi?"

"Mukutano ukiisha nitasema. Mbele ya watu wote."

Kahindo akakubali. Wazee wa ukoo wakaarifiwa, Kahambu akapiga pasi kitenge cheusi, na maharage ya kilio yakalowekwa.

Uwanja ulijaa. Mwenye haya angetafuta pa kuficha uso. Komanda alitafuta maikrofoni. Akasema yeye ni mtoto wa amani. Akasema hajawahi kusimamisha gari la mtu. Akasema barabara ya Kalengera haijapoteza mutu hata mumoja, na wanaosema vingine wanaharibu inchi.

Kahindo alishikwa na hasira mpaka meno yakamuuma. Na kadiri hasira ilivyopanda, sauti ya Komanda ilizidi kuwa nzito, safi, tamu. Haikukwaruza hata kidogo. Huko Kanyaruchinya, watu waliokimbia kutoka Kalengera waliacha kukoroga sufuria zao wakamsikiliza akisema kwamba hawakukimbia chochote.

Kahindo akaelewa anachokifanya. Akafungua mikono, waya zikaanguka mavumbini. Sauti haikupungua.

"Kwa kipimo hiki, waya haina lazima," alisema Prodige, ambaye alikuwa kando akiangalia mshale wa kipimo chake.

Kahindo akajaribu kutulia. Alifumba macho akamkumbuka Kataliko akiendesha, kiwiko dirishani, akiuliza kama muziki unamsumbua. Mshale ukapanda. Akakumbuka alivyocheka. Mshale ukapanda tena. Hakuwa na kumbukumbu njema hata moja ambayo haikumsaidia Komanda.

Hotuba ikaisha. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa askari walikuwa wanatazama nani anapiga. Komanda alizima maikrofoni akamkaribia Kahindo aliyekuwa kwenye kiti chake.

"Na bwana yangu?" aliuliza Kahindo.

"Dosié ya uchunguzi inaendelea, mama," alimnong'oneza.

Mnong'ono huo ulitoka kwenye spika zote, ukasikika hadi kambini. Wazee wa ukoo waliusikia, wakainuka, wakachukua kofia zao. Vijana wakaanza kukusanya viti.

Kahambu alikunja kitenge cheusi akakirudisha ndani ya sanduku. Maharage, kwa kuwa yalikwisha kulowa, yalipikwa yakaliwa tu.

Kesho yake askari wawili walifika Ndosho na zawadi kutoka kwa Komanda: kiti kipya chenye egemeo na mto, ili mama asichoke. Komanda alikuwa ameridhika sana na sauti, na alikuwa na mikutano mingine.