Lori Lisilozimwa

Mbuzi walikuwa wamesimama katikati ya njia, wala Shaabani hakupiga honi. Alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, akawafokea mpaka wakatawanyika vichakani.

"Honi yako imekufa?" aliuliza Mwanamkuu, bibi msuka mikeka aliyepandia njiani, Bungu, na furushi lake.

"Haijafa, bibi. Nabania umeme."

Alimwonyesha taa nyekundu iliyokuwa inawaka mbele ya usukani tangu Kibiti, kisha akamweleza, maana kusema kulimpunguzia kuwaza. Betri ndiyo inayoliamsha lori. Likishawaka, injini huizungusha dainamo kwa mkanda, nayo dainamo huzalisha umeme na kuirudishia betri kile ilichotoa. Sasa vijiwe vya makaa vilivyo ndani ya dainamo vilikuwa vimelika. Dainamo ilizunguka bure. Betri, nayo imechoka, ilizipa plagi cheche peke yake. Ilitoa tu, haikurudishiwa kitu.

"Basi itakwisha."

"Itakwisha. Tajiri ameniambia nikapakie chumvi Nyamisati nigeuze bila kuzima. Nikizima sitaliwasha tena, hata kwa hendeli, kile chuma cha kuizungusha injini kwa mkono. Kama hakuna cheche, hendeli ni kujichosha mkono."

"Na hivyo vijiwe havipatikani?"

"Vinatoka Dar es Salaam. Tajiri alitaka tuvingoje. Mimi ndiye niliyemsihi aniache nije leo."

Barabara iliingia kwenye mchanga, lori likaguna, na Shaabani akaanza kusema bila kuulizwa.

Alikuwa amemwoa Johari muda mfupi kabla ya kuchukuliwa vitani. Huko Burma aliendesha malori ya jeshi kwenye matope yasiyo na mwisho, na kila alipokwama alimkumbuka mkewe akipepeta mchele uani, akiimba kwa sauti ya chini kama hataki kusikiwa. Alirudi mzima. Tajiri wa Kibiti akamkabidhi lori, na tangu hapo ikawa safari juu ya safari: Utete, Dar es Salaam, Utete tena. Nyumbani alipita huku injini inanguruma mlangoni, akanywa chai wima, akaondoka. Siku moja Johari alimwambia kwamba afadhali enzi za vita, maana wakati ule alijua anamngoja mtu aliye mbali. Neno lile lilimchoma. Akatamka talaka moja, akapanda lori. Kabla hajafika Ngorongo alikwisha kujuta.

"Eda yake inakaribia kwisha," alisema. "Jana nimesikia sokoni kwamba leo anavuka kwenda Mafia, kukaa kwa dada yake."

"Talaka moja si kitu, mwanangu. Ungesema tu mbele ya mashahidi kuwa umemrejea, ungekuwa umemrejea."

"Najua, bibi. Lakini nataka nimuulize."

Mwanamkuu aliukumbatia mzigo wake vizuri. "Basi kaza mwendo," alisema.

Mikorosho ilipokwisha na harufu ya tope la mikoko kuanza kuingia dirishani, injini ilianza kukohoa. Shaabani aliibembeleza kwa mguu, akipanda na kushuka vilima, mpaka likatokea gati la Nyamisati. Maji yalikuwa yanakupwa. Mashua ya Sadala, kaka yake Johari, ilikuwa imeelea ukingoni, mizigo tayari ndani. Johari alisimama kwenye tope gumu, kikapu mkononi, kaniki ameipandisha isilowe.

Shaabani aliliacha lori likinguruma, akamfuata.

"Johari, nimekuja..."

"Sikusikii."

"Nasema nimekuja kukuuliza..."

Injini ikakohoa. Shaabani aligeuka mwili mzima kuitazama, kabla hata hajajua anafanya nini. Alipomrudia Johari, uso wa mwanamke ulikuwa umejifunga.

"Nenda kaitazame," Johari alisema. Hakusema kwa hasira.

Alikwenda. Mwanamkuu alikuwa anateremsha mikeka yake polepole, na wapakiaji wa chumvi walikuwa wamekwisha kusogea na magunia mabegani. Shaabani aliingia ndani. Mguu ukikanyaga kidogo tu, injini ingetulia. Alikuwa amefanya hivyo njia nzima. Aliushika ufunguo. Akazima.

Ukimya ulishuka, na sauti zilizokuwa chini yake zikapanda: kaa wakitatarika kwenye tope, maji yakifyonzwa kwenye mizizi ya mikoko, mmoja wa wapakiaji akiguna.

"Limezimika?" Johari aliuliza Shaabani aliporudi.

"Nimelizima."

"Litawaka?"

"Mpaka ije betri nyingine kutoka Kibiti. Sijui kesho, sijui lini."

"Tajiri wako atasema nini?"

"Atasema mengi."

Johari aliangalia chini. Shaabani alisogea hatua moja. "Sheria inanipa kukurejea hata usipotaka. Mimi sitaki hivyo. Nimekuja kukuuliza kama unataka."

"Miaka yote ya vita nilikungoja," Johari alisema. "Ukarudi, nikaendelea kukungoja."

"Najua."

"Hujui. Anayengojwa hajui."

Upepo ulizungusha harufu ya chumvi, na Johari akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza: mashavu yaliyoingia ndani, vumbi kwenye kope.

"Umekula?"

"Tangu jana, bado."

"Dada," Sadala aliita kutoka kwenye mashua, "maji yanatuacha."

Johari aliketi kwenye gogo la mkoko lililolazwa ukingoni, akafungua kikapu, akatoa wali uliofungwa kwenye jani la mgomba na samaki wa kukaanga. Shaabani alikaa upande wa pili wa gogo. Sadala aliita tena. Johari hakugeuka, alikuwa anamchambua samaki kwa vidole, akitoa miba, akiiweka mmoja mmoja pembeni mwa jani.