Mwambie Ukuta

Mzee Mwakatobe alitoka Tukuyu kwa ajili ya kliniki ya sukari. Mwanawe Tito alipomfikisha nyumbani Maili Moja, Mboni, mkewe Tito, alitoka mbio kumpokea.

"Shikamoo baba!"

Mzee akafunika uso kwa kofia, akageukia ukutani. Mkono wa Mboni ukabaki hewani.

Baadaye Tito akamweleza. Kwa wazee wa Kinyakyusa walioshika mila, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso. Ndiyo heshima yenyewe. Mboni ni mtu wa Chole, Kisarawe, kwao baba mkwe mnakaa naye jamvini mkila mihogo. Mama yake aliposimuliwa kwenye simu alicheka mpaka akapaliwa.

"Makubwa! Unaishi na mtu au na jini?"

Lakini Mboni ni mwepesi wa kujifunza. Akaweka chai mlangoni mwa mzee, akarudi jikoni, akapaza sauti: "Ukuta, mwambie baba chai tayari."

Sauti nzito ikajibu: "Ukuta, mwambie mama ahsante. Ila sukari kasahau."

"Ukuta, mwambie sukari kaikataza daktari."

Mzee akacheka. Wakaishi hivyo miezi saba, wakipendana kupitia matofali.

Mwezi wa nane mzee alikuwa akipalilia migomba nyuma ya nyumba, jembe likamchuna kidole cha mguu wa kushoto. Tito akampeleka hospitali. Nesi akasema kidonda kisafishwe kila siku, tena na mtu mwenye macho mazima.

"Mimi natoka alfajiri kwenda kazini Dar," Tito akasema.

"Nyumbani nani anabaki?"

"Mke wangu."

"Basi huyo huyo."

Mzee akadakia, "Nitajisafisha mwenyewe."

Ikawa hivyo.

"Ukuta, muulize baba mguu unaendeleaje."

"Mwambie umepona."

Mboni hakuambiwa, aliona. Kandambili ya kushoto ilianza kushika vumbi. Nzi wakahamia dirisha la chumba cha mzee. Jumapili Tito akitaka kukagua, mzee anamwonyesha bandeji mpya, nyeupe, kaizungusha juu ya ile ya zamani.

"Ingia, Mboni," mama yake akamwambia kwenye simu. "Aibu haiozi. Mguu unaoza."

"Mama, nikiingia nitakuwa nimemvua nguo."

Akangoja siku mbili. Hizo siku mbili ndizo zinazomla mpaka leo.

Siku ya tatu chai ikapoa mlangoni. Mboni akaingia na beseni la maji ya uvuguvugu. Mzee akavuta blanketi, akafunika uso. Halafu, taratibu, akausogeza mguu nje. Vidole viwili vilikuwa vyeusi tii. Mboni akaosha, machozi yakidondokea humo humo kwenye beseni.

"Ukuta," mzee akasema ndani ya blanketi, "mwambie mwanangu asilie."

Hospitali wakasema mguu ukatwe, na mzee akakubali. Ila sumu ilikuwa imeshatangulia kwenye damu. Hakufika hata chumba cha upasuaji.

Kabla ya safari ya Tukuyu, jeneza lilifunguliwa uani upande wa uso, watu waage. Zamu ya Mboni ikafika.

"Mtazame basi," jirani akamnong'oneza. "Umekaa naye muda wote huo hujamwona."

Mboni akajifunika uso kwa kanga. Akapapasa mpaka upande wa miguuni, akaweka kiganja juu ya mbao, pale ulipo ule wa kushoto, akapita.