Maua kwenye Sahani ya Shaba

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, tarehe tisa ya Saun, mwezi wa mvua, matango kumi na saba yalikuwa yameanguka chini ya kichanja. Jana yake yote yalikuwa yananing'inia. Kila moja lilikuwa na ukubwa wa kidole, limegeuka njano na kunyauka kuanzia nchani.

Kaushila alipiga ukelele. Jirani yake Harimaya akaja mbio na ndoo mkononi.

"Ni huyu!" Kaushila alimwonyesha mkamwana wake, Ambika. "Juzi aliyahesabu kwa kidole! Nilimwona!"

"Hata mimi nilimwona," alisema Harimaya. "Kwao labda huyanyooshea bunduki kabisa."

Kijijini hapo hakuna anayelinyooshea kidole tango changa. Ukitaka kulionyesha, unakunja kidole na kutumia kifundo, la sivyo litaoza. Ambika, aliyeolewa miezi miwili nyuma, alisahau.

"Mama, kidole hakiozeshi tango."

"Nini basi? Miaka thelathini nalima hapa, leo ndo unanifundisha? Sikiliza. Yakianguka tena kabla ya mwezi mpevu, unafunga mizigo unarudi kwa mama yako. Mumeo Tilak akipiga simu, nitamweleza mwenyewe."

Ambika alichukua kisu akapasua matango matano. Hayakuwa na funza wala tundu. Mbegu zilikuwa bapa, tupu. Udongo ulikuwa na unyevu wa kutosha, majani hayakuwa na unga mweupe. Matango hayo hayakuwahi kupata chavua.

Alitafuta maua ya kiume, yale yenye kikonyo chembamba kisicho na kitango, tango dogo, nyuma ya ua. Hakupata hata moja. Alipata vikonyo vitupu zaidi ya thelathini, vimekatwa kwa ukucha.

"Mama, nani anachuma maua?"

Kaushila alishangaa swali. "Mimi, ya kumtolea Mungu. Nani mwingine?"

Ambika aliingia ndani, penye madhabahu. Kwenye sahani ya shaba palikuwa na maua ishirini na sita ya matango, bado yana umande. Aligeuza moja: halikuwa na kitango.

"Si yale yasiyozaa?" alisema Kaushila mlangoni. "Yenye kitango sigusi. Tangu Saun ianze nachuma haya, maana mengine hayajachanua."

"Mama, haya ndiyo baba zao. Unayachuma kabla nyuki hawajaamka."

Kaushila aliketi kizingitini. Aliitazama sahani, kisha bustani, kisha sahani tena.

"Yote? Nimeyaua mimi?"

Nyuma yake Harimaya aliangalia ndani ya ndoo yake.

Kesho yake sahani ilikuwa na majani ya bel, mti mtakatifu. Maua ya kiume yalibaki kwenye kichanja. Saa moja asubuhi Ambika alichuma moja, akalibandua petali, akapaka chavua yake kwenye maua sita ya kike na kuyafunga uzi mwekundu wa alama.

Siku ya tano, moja kati ya hayo sita lilianguka. Kaushila aliliokota, akalipasua mwenyewe, akalitupa, akarudi kwenye kazi yake.

Asubuhi ya mwezi mpevu Harimaya alikuja kutazama, vidole amevikunja asije akayanyooshea. Kaushila alisogeza majani, akanyoosha kidole.

"We mama! Kidole!" Harimaya alimaka.

"Moja," alisema Kaushila. "Mbili. Tatu. Nne. Tano."