Jogoo wa Unga wa Kioo

Tangu mume wa Mama Kipusa afariki, hakuna aliyefanya kazi kwenye chumba cha uani. Mama mkwe wake aliingia humo kila asubuhi, akapangusa vumbi, akatoka. Mezani kulikuwa na sahani moja ya shaba, upana wake kama mfuniko wa sufuria, imekaa juu ya stendi yake ya waya, imefunikwa na bakuli la kioo. Ndani ya sahani alikuwemo jogoo.

Jogoo mwenyewe alikuwa unga mtupu. Kazi ya marehemu ilikuwa enameli: anasaga kioo cha rangi kikawa unga, anauosha, anautandaza juu ya shaba kwa brashi nyembamba kama ukope, kisha anautia tanurini mpaka kioo kiyeyuke na kushikana na shaba moja kwa moja. Asubuhi ile alimaliza jogoo akamwacha akauke, kwa sababu unga wenye unyevu ukikutana na moto huruka wote.

"Ngoja akauke, narudi sasa hivi," alimwambia mkewe, akaenda dukani kununua waya.

Kifua kilimbana njiani. Alirudi amebebwa.

"Alipoishia mwanangu pasiguswe," mama mkwe alisema siku watu walipotawanyika, na Mama Kipusa, mkwe wake, akaitikia. Alikuwa na mtoto mgongoni na machozi hayajakauka, angebisha nini?

Lakini siku zilivyokwenda, lile jambo lilimkaa rohoni. Jogoo alitengenezwa kwa ajili ya binti yao, Kipusa, ambaye kabla hajajua kusema "baba" alijua kumwigiza jogoo wa jirani, tena kwa sauti ya kuamsha mtaa. Ungali haujachomwa, unga wote ni wa kijivujivu, kama jivu na pumba. Mama mkwe alishikilia kwamba mkia ni mwekundu, kama wa jogoo waliyemfuga marehemu alipokuwa mdogo. Mkwe alidhani ni kijani. Aliyejua hakuwepo tena wa kuulizwa.

Basi akapiga moyo konde, akaenda kwa Fundi Koleo, rafiki wa mumewe, aliyepewa jina hilo kwa sababu koleo lilikuwa halimtoki mkononi, hata chai alikuwa akiikoroga nalo.

"Shemeji, unataka kujifunza, au unataka kuja kulia mbele ya tanuri langu?" Fundi alimuuliza.

"Vyote viwili."

"Haya, anza na kulia, maana kazi inataka macho makavu."

Akajifunza. Kipande cha kwanza cha shaba alikishika kwa vidole baada ya kukisugua kwa ndimu na chumvi. Mafuta ya mkono yakabaki, na kioo kikabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Cha pili alikitia kabla hakijakauka, unga ukatawanyika tanurini kama kuku waliofukuzwa. Cha tatu alikitoa mapema.

"Hii mbichi, shemeji. Ipapase ikipoa. Ganda la chungwa hilo."

"Nitajuaje kama imeiva?"

"Usiangalie rangi. Ikiwa kwenye moto, kila rangi ni mwongo. Subiri mpaka juu pawe kama maji yaliyotulia, halafu toa. Ukichelewa, imekwenda."

Nyumbani mama mkwe alikuwa akiviona vile vipande vilivyoharibika vikirundikana dirishani, anatikisa kichwa. "Mke mwenzangu," alimwambia Kipusa, "mama yako huyu alikuwa akiunguza hata maji. Leo anataka kuunguza shaba." Alicheka, ila jicho lake lilikuwa uani. Alijua fika mkwe anajifunzia nini. Na mkwe alijua kwamba bila ruhusa yake hatamsogelea yule jogoo, hata akiwa fundi wa mafundi.

Kisha ikaja barabara. Serikali iliamua mtaa wao upate lami, na mtambo wa kushindilia ukaanza kupita mbele ya nyumba, unakwenda na kurudi, sufuria zinagongana jikoni, milango inatetemeka. Siku ya kwanza tu ulipopita, mama mkwe alikimbilia uani, mkwe nyuma yake na Kipusa mbelekoni.

Bakuli lilikuwa likilialia juu ya meza. Ndani yake, ncha ya mkia wa jogoo ilikuwa imemomonyoka. Unga umeteleza pembeni ukaiacha shaba wazi.

"Mwanangu!" mama mkwe akasema, na haikujulikana anamwita nani. Akafunua bakuli, na kabla mkwe hajafungua kinywa, akaweka kidole gumba kwenye ule unga, aurudishe mahali pake kama mtu anayemrekebishia mtoto kola ya shati.

Alipoinua kidole, mkia ulikuja nacho. Palibaki alama ya gumba, duara refu lililovurugika. Mama mkwe alisimama amekiinua kidole mbele ya uso wake, hathubutu kukifuta wala kukishusha.

"Mama Kipusa, nimemharibu."

"Hujamharibu, mama. Tulia hivyohivyo."

Mkwe alichukua brashi kavu ya mumewe. Akakishika kile kidole kwa mkono wa kushoto, akakileta juu ya sahani, akaupangusa unga polepole, punje kwa punje, ukashuka mahali ulipotoka. Rangi zilikuwa zimechanganyika, hilo halikuwa na dawa.

"Mtambo ukirudi?" mama mkwe akauliza.

"Utaangusha kipande kingine. Na kesho kingine."

"Tumpeleke kwa Koleo."

"Kwa njia ile iliyochimbwa? Hatafika na unyoya mmoja."

Mama mkwe aliketi kwenye kigoda cha mwanawe, mara ya kwanza tangu msiba. Akamtazama jogoo.

"Basi mchome wewe."

"Mama, nikimuunguza?"

"Ukimuunguza tutalia pamoja tumalize. Akidondoka hivi kidogokidogo, nitakuwa nalia kila siku."

Mkwe akawasha tanuri la mumewe, pale pale chumbani. Lilitoa harufu ya vumbi lililolala, kisha likaanza kuona haya, likawa jekundu, likawa la rangi ya chungwa. Walisubiri mchana, wafanyakazi wa barabara walipokwenda kula na mtambo ukanyamaza. Mama mkwe akampokea Kipusa, akasimama mlangoni. Hapo mkwe akavaa glavu zilizompwaya, akaingiza uma mrefu wa chuma chini ya stendi, akainua.

Hakupumua mpaka mlango wa tanuri ulipofungwa.

Kupitia kitundu alimwona jogoo akigeuka mweusi, akawa chembechembe kama sukari iliyomwagikiwa maji, akawa na ganda la chungwa. Mikono ilimwambia toa. Akaizuia. Polepole vikunyanzi vikalala, juu pakawa maji yaliyotulia, na mwanga wa tanuri ukajiona humo.

Akatoa.

Jogoo mzima alikuwa mweusi, mkia kama mkaa.

"Umemuunguza," mama mkwe akasema taratibu, bila hasira.

"Subiri, mama."

Sauti yake mwenyewe haikuwa na uhakika. Wakatazama wote watatu sahani ikianza kupoa. Kifua kilianza, kikaingia manjano ya asali. Kilemba kikawa chekundu. Mkia ulichelewa kuliko vyote, na ulipokuja, haukuwa mwekundu wala kijani. Ulikuwa bluu, bluu iliyokolea, ambayo hakuna kati yao aliyeiwaza. Mama mkwe akaweka mkono mdomoni. Hata baada ya kuondoka, mwanawe alikuwa na jambo lake la kuwaambia.

Sahani ilipopoa kabisa, mkwe akamwekea mapajani. "Mshike, mama. Sasa hadondoki."

Mama mkwe alimpapasa kutoka kilembani hadi kucha, akarudia, kisha akauchukua mkono wa Kipusa naye ampapase. Vidole vyake mwenyewe vikasimama kwenye ncha ya mkia, pale penye ukungu wa kijivu na shaba iliyochungulia.

"Hapa panazibika?"

"Panazibika. Ila itakuwa kwa unga wangu, kwa mkono wangu, na kuchoma tena."

Nje wanaume wa barabara walikuwa wakicheka, wakikusanya sahani zao.

"Tanuri bado lina moto?"

"Bado."

"Basi usilizime."